Ng'ombe Sitini wa Felim

20 Septemba 1600

Kitabu hiki ni cha tiba, cha marehemu mume wangu, na atakayekifungua kutafuta dawa ya kuhara damu atanikuta mimi pembeni nikilalamika. Anisamehe. Sina pengine pa kuandika.

Leo wamemchukua Felim. Wameweka meza pale kivukoni, kwenye mvua, kana kwamba tunakwenda kula. Upande mmoja Kapteni Bostock na askari wake wa Malkia wa Uingereza, upande mwingine mkuu wetu Melmora na watu wake, na katikati Padre Donagh akisoma barua ya Kilatini kwa sauti ya misa. Malkia anataka uhakika kwamba Melmora hatajiunga na wakuu wengine wa Ailandi wanaopigana na majeshi yake. Kwa hiyo ng'ombe sitini wenye maziwa wapelekwe ngomeni siku ya kwanza ya Novemba, kabla jua halijazama. Wakifika, Felim anarudi nyumbani. Wasipofika, Felim ananyongwa.

Melmora ana wana wanne. Ametoa wa tatu, Felim. Sikushangaa, maana wa tatu alimleta kwangu akiwa na umri wa mwaka mmoja, nimlee kama tulivyozoea kuleleana watoto, na mtoto akakua jikoni kwangu mpaka alipofika miaka kumi na saba. Sasa ana kumi na tisa. Yeye humwita Melmora "Bwana". Mimi ananiita Mama, na watu wote hapa wananiita Mama Felim. Tumbo langu halikuwahi kuzaa, lakini sijui jina jingine.

Alipokuwa akiondoka alinigeukia. "Mama, usilie. Ngome ina paa lisilovuja. Itakuwa mara yangu ya kwanza."

"Funga shingo yako," nikamwambia. Mtu anawekwa rehani kwa shingo yake, nami nikamwambia aifunge isipate baridi.

26 Septemba

Mvua.

27 Septemba

Mvua. Nimemuuliza Art, mkuu wa wachungaji, ng'ombe wamekusanywa wangapi. Akasema, "Mama Felim, wewe umeanza kuhesabu mapema kuliko Waingereza wenyewe."

2 Oktoba

Ng'ombe arobaini na mmoja wako uwandani. Nimewahesabu mara mbili. Art ananicheka, ila nimeona naye anahesabu.

9 Oktoba

Sielewi. Jana walikuwa arobaini na mmoja, leo uwanda mtupu. Melmora amewaachia warudi milimani. Amekuja mjumbe wa wakuu wanaopigana, amekula siagi yetu siku mbili, na alipoondoka Melmora alikuwa ameshabadilika. Nikamfuata.

"Bwana, umewaachia ng'ombe wa Felim?"

"Nafikiria."

"Fikiria ng'ombe wakiwa hapa. Hawatakuzuia kufikiri."

Watu waliokuwa karibu walitazama pembeni. Akasema wakuu wanamwahidi nchi yote mpaka ziwani akiingia vitani. Nikamuuliza, na Felim wanamwahidi nini? Akasema mambo ya wanaume ni mazito. Kwa maoni yangu mambo ya wanaume yanakuwa mazito pale wasipojua la kufanya.

15 Oktoba

Wamekusanywa tena. Amebadilika tena. Sijui nimshukuru nani.

21 Oktoba

Askari wa Malkia kutoka ngome nyingine, ile ya kusini, wamevamia malisho wakachukua ng'ombe ishirini na wawili. Ng'ombe wa Malkia wameibiwa na watu wa Malkia. Padre Donagh amemwandikia Kapteni Bostock kumweleza. Kapteni amejibu kwamba hajui lolote kuhusu ngome ya kusini, na kwamba sitini ni sitini.

Nilicheka mpaka nikaogopa sauti yangu.

27 Oktoba

Hamsini na wanane! Watu wametoa wa kwao kufidia walioibiwa. Art ametoa ng'ombe wake mweupe, anayempenda kuliko mkewe, na mkewe ndiye aliyesema hivyo. Wawili waliobaki nitatoa mimi. Kesho safari.

28 Oktoba

Mto umefurika. Hakuna kivuko. Maji yamefika kwenye miti ya juu, yanapita na magogo na kondoo waliokufa. Art ameingia na farasi, akarudi bila farasi.

29 Oktoba

Mto.

30 Oktoba

Mto. Ng'ombe sitini wamesimama ukingoni wakitazama maji, na sisi nyuma yao tukitazama maji.

31 Oktoba

Nimepiga kelele kuelekea ng'ambo mpaka sauti ikakauka, ili mtu yeyote wa ngome anisikie na kumwambia Kapteni kwamba ng'ombe wapo, waone, wapo hapa. Hakuna mtu ng'ambo ile. Maji yana kelele kuliko mimi.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Jua limezama.

2 Novemba

Tumemlilia. Hatuna mwili, kwa hiyo tumeweka vazi lake katikati ya nyumba, na wanawake wakaja wakapiga makofi na kuimba mbolezi, kila mmoja na ubeti wake: uzuri wake, mbio zake, jinsi alivyowahi kuanguka kwenye pipa la maziwa. Nyumba ilijaa, wakakaa mpaka nje. Walikula mkate wote wa shayiri, wakanywa bia yote, na nilitaka wale zaidi, wanywe zaidi, wasiondoke.

Art alikaa mlangoni. Alisema, "Ningeogelea, Mama Felim. Ningewapeleka mmoja mmoja."

"Ungekufa."

"Ndiyo. Lakini kabla ya hapo ningekuwa nimefika wapi?"

Sikujua kama alikuwa analia au amelewa. Sidhani naye alijua.

Melmora alikuja, akasimama mbele ya lile vazi, akafunika uso. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwonea huruma. Nimemdhania vibaya miaka mingi. Baba ni baba.

4 Novemba

Melmora amekwenda mbele ya wakuu na kuapa vita kwa damu ya mwanawe. Wakuu wote watano walimshika mkono. Wanasema alilia hadharani, na kila mtu akalia naye. Ng'ombe sitini amewagawa: kila nyumba mmoja, wa kuchinjwa mkesha wa Mtakatifu Martino kama desturi, nyama iwalishe wapiganaji. Mimi nimepewa ng'ombe mweupe wa Art. Sijui nimfanye nini. Ananitazama.

5 Novemba

Amepita Sile, mchuuzi wa chumvi na sindano, yule anayeingia kila mahali kwa sababu kila mtu anahitaji chumvi. Sasa mto umeanza kushuka. Alitua mzigo, akaniuliza mbona nyumba iko kimya.

"Shoga, hujasikia? Felim wangu wamemnyonga."

"Lini?"

"Siku ya Watakatifu."

Sile akanitazama vibaya. "Mama Felim, mimi nimetoka ngomeni jana asubuhi. Felim alikuwa anamenya turnipu jikoni. Kaniuliza kama bado unakoroma."

Niliketi chini. Kisha nikasimama nikampiga kofi, kisha nikamkumbatia, na yeye akanirudishia kofi, na kwa haki. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza ana nywele gani, ana kovu wapi. Akajibu yote sawasawa. Anamenya turnipu! Nilimfundisha mwenyewe kumenya, na anaacha ganda nene.

"Kwa nini basi hawajamnyonga?"

"Nitajuaje mimi? Hawaonekani kuwa na haraka. Wanajiandaa kwa sikukuu, wanaokoteza matofaa ya kuoka. Wanasema bado siku chache Watakatifu Wote."

Nikacheka. Waingereza hata sikukuu hawajui kuzishika. Nilicheka kwa furaha, sikufikiri zaidi.

6 Novemba

Furaha yangu haikumaliza siku. Nilitangaza nyumba kwa nyumba, Felim yu hai, na nilitarajia waruke. Hakuna aliyeruka. Jirani yangu aliyeimba mbolezi kwa sauti kuliko wote ndiye aliyesema kwanza: "Hai? Na kwa nini hai?"

Mpaka jioni jibu lilikuwa limezunguka kijiji kizima. Felim amejiuza. Amewaonyesha njia za milimani. Ndiyo maana ngome ya kusini ilijua malisho yetu. Ndiyo maana hawakumnyonga, na anapikiwa turnipu. Siku nne tu zilizopita alikuwa kijana mzuri kuliko wote waliowahi kuanguka kwenye pipa la maziwa.

Nami nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma mpaka hapa: mchana nilijiuliza hivyohivyo. Nilimkumbuka akicheka pale kivukoni. Nikawaza, kwa nini alicheka? Mtu anayekwenda kufa hacheki. Nilimlea mtoto huyu miaka kumi na sita, na kijiji kilihitaji saa sita tu kunifanya nimshuku.

7 Novemba

Sikutoka nje. Ng'ombe mweupe amekula kona ya paa.

8 Novemba

Nimeelewa. Ee Mungu, nimeelewa, na ni upumbavu mtupu.

Nilikuwa nakamua huku nikiendelea kugombana kichwani na Waingereza kwa sikukuu yao iliyochelewa. Nikahesabu ni siku ngapi wamechelewa. Sile alisema bado siku chache. Mikono ikasimama kwenye chuchu.

Miaka kumi na minane iliyopita Papa alitoa siku kumi kwenye mwaka, kwa sababu jua na kalenda vilikuwa vimeachana. Padre Donagh aliporudi kutoka Hispania alituletea hesabu hiyo mpya. Mume wangu aligombana naye wiki nzima, akitaka kujua siku zake kumi za maisha zimekwenda wapi. Sisi tukaizoea, tukasahau kama kuna nyingine. Lakini Malkia hamsikilizi Papa. Waingereza walibaki na hesabu ya zamani, nyuma yetu siku kumi. Barua ya Kapteni iliandikwa na Kapteni. Siku ya kwanza ya Novemba yake ni kumi na moja yetu. Bado siku tatu. Haijafika!

Nilikimbia kanisani na ndoo mkononi.

"Padre, leo Waingereza wana tarehe ngapi?"

"Tarehe nane, kama..." Nilimwona anatoa kumi. Uso wake ukawa kama jibini. "Ishirini na tisa," akasema. "Ishirini na tisa Oktoba. Mama Felim, mimi ndiye niliyesoma barua ile. Nimeisoma mwenyewe, kwa sauti."

"Na mimi ndiye ninayeandika tarehe kila siku. Amka twende kwa Melmora, tutalia baadaye."

9 Novemba

Jana Melmora alikuwa kwa wakuu. Leo tumempata. Padre alimweleza polepole, na mimi nilimweleza haraka. Siku mbili. Ng'ombe bado wako kwenye nyumba za watu, mto umeshuka, Felim hana kosa, hakuna aliyemwuza mtu.

Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Padre, toka kidogo."

Padre akatoka. Melmora akakaa chini, akajishika magoti. Alionekana mzee.

"Nimeapa kwa damu yake mbele ya wakuu watano," akasema. "Wamenipa watu mia tatu. Sasa niende niwaambie nini? Samahani, damu bado imo mwilini?"

"Ndiyo. Waambie hivyo hivyo."

"Watasema nimewachezea. Au watasema mwanangu ni msaliti na nimeshirikiana naye."

"Kwa hiyo afe, ili usichekwe?"

"Ameshakufa, Onora. Nimeshamlilia. Machozi yale yalikuwa ya kweli."

Hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuielewa, kwa sababu naamini anasema kweli. Nilimwona. Alimlilia kweli, na sasa anapojua yu hai anamwacha afe. Nilitaka kumchukia, ikawa vigumu, kisha ikawa rahisi.

10 Novemba, mkesha wa Mtakatifu Martino

Asubuhi kijiji kizima kinanoa visu. Nimeingia kila nyumba, Art nyuma yangu na fimbo. Sikubembeleza.

"Ulikuja kwangu ukalia?"

"Nililia, Mama Felim."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Basi nipe ng'ombe."

Wengine walikataa, wakasema msaliti hawezi kukombolewa kwa nyama yao. Wengine walikuwa wameshachinja, damu imeshapakwa mlangoni kama desturi. Yule jirani aliyeanzisha uvumi alikuwa ameshika ng'ombe pembe, mumewe kisu, na mimi nimesimama kati yao. Tulitazamana. "Niliimba ubeti wa pipa la maziwa," akasema. Akaachia pembe.

Mpaka adhuhuri tumepata thelathini na sita. Art anasema kuna mahali pa kuvuka upande wa juu wa mto, kupita kinu cha maji. Tunaondoka sasa. Kitabu nakifunga kiunoni.

11 Novemba, yaani 1 Novemba

Nimeandika haya ndani ya ngome.

Tulifika alasiri. Kapteni Bostock alitoka na mkalimani wake, Mwailandi kama mimi, mwenye koti la Malkia na lafudhi ya kusini. Swali langu la kwanza lilikuwa leo ni tarehe ngapi.

"Tarehe moja," mkalimani akasema. "Unatania? Tumewasubiri kutwa."

Kapteni akahesabu ng'ombe kwa kidole. Thelathini na sita. Akasema sitini. Nikasema ishirini na wanne wanakuja. Akauliza nani atabaki rehani mpaka wafike.

"Mimi."

Akacheka, akamwuliza mkalimani mimi ni nani.

"Mama yake."

"Mama yake alikufa. Niliambiwa."

"Huyu ndiye mama yake, bwana," mkalimani akasema, na hakueleza zaidi. Kapteni alitutazama wote wawili kama watu wanaomficha kitu. Akasema sawa, siku nane, na rehani ni rehani, mwanamke au mwanaume.

Felim akatolewa. Amekonda, ana ndevu mbaya. "Mama! Sile alikwambia kuhusu turnipu?"

"Tumekulilia matanga," nikamwambia.

Akacheka. Aliponiona sicheki, akaacha. Nikamweleza yote pale getini, kalenda, vazi, viapo, baba yake. Alisikiliza huku mdomo wazi. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo nikifika nyumbani mimi ni nani?"

Nikamwambia ni mtu anayehitaji ng'ombe ishirini na wanne. Aende.

3 Novemba, hesabu ya Malkia

Tarehe hii nimeshaiishi mara moja. Ya kwanza nilikuwa nafagia baada ya matanga. Hii namenya turnipu. Mpishi anasema naacha ganda nene.

5 Novemba, hesabu ya Malkia

Askari mmoja ana jipu, nimempasulia. Ni mtoto wa mtu, analia kama mtoto wa mtu. Mvua.

8 Novemba, hesabu ya Malkia

Hakuna aliyekuja. Nimejipanga. Nimemwambia mkalimani kitabu hiki akipeleke kwa Padre. Nina miaka hamsini na mitatu na magoti mabovu, na nimepata bei nzuri. Felim yuko nje, ana mlima mzima wa kujificha. Nimelala vizuri.

9 Novemba, hesabu ya Malkia

Siku ya mwisho. Adhuhuri geti likafunguliwa, akaingia Felim. Peke yake, amelowa mpaka mifupani, hata kuku hana.

Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika kwenye kitabu cha tiba.

Alikaa karibu nami akasubiri nimalize. Akasema watu walimkimbia njiani wakidhani ni mzuka, na walipojua si mzuka wakamrushia mawe. Padre alimficha. Art alimletea ng'ombe mmoja, wengine wote wameshachinjwa, na huyo mmoja watu wa Melmora wakamnyang'anya. Baba yake alimwona kwa mbali, akageuza farasi.

"Art aliniambia nikimbilie kaskazini," akasema. "Alinipa na mkate."

"Na mbona hukukimbia, mpumbavu wewe?"

"Nilikula mkate nikiwa nakuja huku."

Kapteni amekuja akatutazama. Amesema yeye ana rehani moja tu kwenye barua, na jua likizama mmoja atakuwa nje ya geti na mmoja atabaki anyongwe. Tuamue wenyewe. Nadhani naye amechoka kutuelewa.

"Toka, Mama," Felim akasema.

"Mimi nimezeeka. Toka wewe."

"Mimi nimeshaliliwa. Kazi hiyo imekwisha."

"Usiniletee utani."

"Si utani."

Tumesema hivyo mara nyingi sasa, kwa hasira, kwa upole, tena kwa hasira. Mkalimani amekuja mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema kwa lugha yetu, "Jamani, nimwambie nini?" Felim amekalia pindo la vazi langu ili nisiweze kusimama. Naandika kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili umeshika mkanda wake.